Ondoa Lafudhi, Je, Kicheko Kinabaki?

Leo nataka tuzungumze habari ya kucheka. Usidhani ni jambo dogo. Mtu ukitaka kumjua vizuri, usimwulize dini yake wala chama chake. Mtazame tu anacheka nini mbele ya runinga.

Mimi ni shabiki wa vichekesho vya hapa kwetu, na shabiki ana haki ya kusema lake. Langu la leo linahusu lafudhi, yaani ule mtindo wa mchekeshaji kuigiza matamshi ya kabila fulani ili tuvunjike mbavu. Kuna wanaosema mtindo huo upigwe marufuku kabisa, kwani unachochea ukabila. Kuna wanaosema ni mzaha tu, na asiyependa na azime runinga yake. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili, na nitakueleza sababu.

Hebu tuanze na mkongwe mwenyewe. Mzee Ojwang Hatari alipofariki Julai 2015, jina lake halisi lilitajwa kila mahali: Benson Wanjau. Wapo waliokuwa wakilijua tangu zamani, lakini katika nyumba nyingi watu walipigwa na butwaa. Kumbe yule mzee wa Vitimbi, aliyezungumza Kiswahili chenye ladha ya ziwani, hakuwa Mjaluo bali Mkikuyu! Na Mama Kayai, tuliyezoea kumwona akikabiliana naye bila kumwonea haya, jina lake ni Mary Khavere, naye asili yake ni Mluhya. Isitoshe, hawakuwa mume na mke hata kidogo, ingawa wapo watazamaji ambao wangeliapa kuwa walifunga ndoa.

Fikiria jambo hilo kwa makini. Mkikuyu na Mluhya walijenga boma la Kijaluo katika runinga ya taifa, wakakaa humo miaka na mikaka, na Wajaluo wenyewe wakawa miongoni mwa mashabiki wao wakubwa. Katika nchi yetu hii, ambamo neno moja la kisiasa linaweza kuwagombanisha majirani, hilo liliwezekanaje?

Maoni yangu ni haya. Lafudhi ya Mzee Ojwang ilikuwa kama kofia yake tu. Ilimpendeza, ilimtambulisha, lakini si kofia iliyokuwa ikituchekesha. Tulimcheka mume anayejigamba mbele ya wenzake kisha akanywea mkewe anapotokea. Tulimcheka mtu anayejitia kulijua kila jambo. Mume wa namna hiyo yuko Kisumu, yuko Murang'a, yuko Mombasa, na pengine, msomaji, yuko hapo sebuleni kwako sasa hivi akijifanya hasikii unaposoma.

Ndiyo maana nimejitengenezea kipimo changu, nacho nakupa bure. Ukiona kichekesho, kiondoe lafudhi kwanza. Chukua maneno yale yale, uyaweke katika kinywa cha mtu anayetamka Kiswahili kama msomaji wa habari. Je, bado unacheka? Ukicheka, basi mchekeshaji amefanya kazi. Usipocheka, ujue hapakuwa na kichekesho. Palikuwa na kabila la watu tu, limewekwa jukwaani likazomewe.

Tukipime kipimo hiki kwa Papa Shirandula, mchezo uliompatia umaarufu marehemu Charles Bukeko, aliyetuaga Julai 2020. Hebu kumbuka msingi wa mchezo ule. Mwanamume anatoka nyumbani amevaa suti, mkewe anaamini kuwa anakwenda kufanya kazi kubwa ya ofisini, kumbe anakwenda kuvaa sare za bawabu. Ondoa Uluhya wote uliomo. Kinachobaki ni mtu anayeionea aibu kazi yake ya halali, na hofu ya kufumaniwa na mke wake mwenyewe. Hicho ni kichekesho, tena kina machozi ndani yake. Kingechezwa Tanga au Kampala, watu wangecheka vilevile.

Vioja Mahakamani nao wanapita. Mshtakiwa anasimama kizimbani, anaanza kujitetea, anatunga uongo, uongo unazaa mwingine, na kabla hakimu hajafungua kinywa jamaa amekwisha kujifunga kwa kamba yake mwenyewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lafudhi za washtakiwa wale zilikuwa za kila pembe ya nchi, lakini uongo ulikuwa mmoja.

Sasa nenda ukapime baadhi ya vichekesho vifupi tunavyotumiana kwa simu siku hizi. Mwingi wa ucheshi wake unaishia hapa: jamaa anataka kusema 'shamba', anasema 'samba'. Mwingine anataka kusema 'lala', anasema 'rara'. Basi! Kicheko kimekwisha, tunangoja kinachofuata. Lakini jambo hilo linachekesha nini? Kijaluo hakina sauti ya 'sh', na Kikuyu hakina sauti ya 'l'. Ulimi unafuata njia uliyoizoea tangu utotoni. Kwa Wakenya wengi, Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, na kila mmoja wetu anakiingia akiwa na vumbi la kwao miguuni. Wewe unayemcheka mwenzako, jaribu kutamka majina ya kwao uone ni nani atakayechekwa.

Liko jambo jingine linaloniudhi zaidi, nalo halionekani upesi. Tazama michezo yetu kwa muda wa mwezi mmoja, ukiwa na kalamu mkononi. Andika bawabu ana lafudhi gani. Andika yaya anazungumzaje. Andika mwizi, mchawi, na yule mwenye tamaa ya pesa. Kisha andika daktari, wakili na mwenye kampuni wanazungumzaje. Mara nyingi utaona wakubwa hawana lafudhi yoyote, na kila kazi ya chini imekabidhiwa kabila lake. Mtoto wa miaka saba hajui kuwa huo ni mzaha. Yeye anafundishwa nani kazaliwa kubeba ndoo na nani kazaliwa kukalia kiti. Kesho shuleni mwenzake akisimama kusoma na kutamka neno kwa lafudhi ya kwao, darasa zima litaangua kicheko, na yule mtoto huenda asiinue mkono tena hadi muhula umalizike.

Msomaji, nchi hii inajua bei ya lafudhi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika majuma machache. Kwenye vizuizi vya barabara, abiria walidaiwa vitambulisho ili majina yao yaseme wanatoka wapi. Matamshi ambayo juma moja kabla yalikuwa mzaha wa matatu yakawa sababu ya mtu kunyamaza kimya, asije akajitambulisha. Sisemi vichekesho ndivyo vilivyoleta balaa lile. Kusema hivyo kungekuwa kuwaonea wasanii na kuwasamehe wanasiasa. Ninachosema ni kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tukizoea kumtambua mtu kwa ulimi wake kabla ya kumtambua kwa jina na tabia zake, tunamrahisishia kazi yule atakayekuja na nia mbaya.

Je, basi lafudhi zifutwe? La hasha! Runinga ambamo kila mtu anazungumza kama kitabu cha sarufi itakuwa ya uongo, tena ya kuchosha. Mimi nataka lafudhi ziongezeke. Nataka wakili mwenye lafudhi ya Kikamba, daktari mwenye lafudhi ya Kijaluo, na profesa anayesema 'rara' bila mtu yeyote kugeuza shingo. Lafudhi ikishasikika katika kila kiti, itaacha kuwa kichekesho yenyewe, na waandishi wetu watalazimika kutafuta kichekesho halisi.

Tena kuiga sauti si dhambi. Kundi la Redykyulass lilipomwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani, lilifanya jambo ambalo miaka michache kabla lingeweza kumtia mtu taabani. Tulicheka kwa sababu sauti ile ilikuwa ya mtu mmoja, mwenye uwezo mkubwa juu yetu sote. Kumwiga mkubwa kunampunguza kimo akakaribiana na sisi. Kumwiga mnyonge kunampunguza kimo ambacho hata hana.

Wazazi, sikushaurini mzime runinga. Kaeni na watoto, chekeni, halafu muulize swali moja dogo: "Tumecheka nini hapo?" Mtoto akijibu, "Alimdanganya mkewe akashikwa," mpe heko. Akijibu, "Anaongea kama watu wa kabila fulani," hapo una kazi ya jioni nzima. Nanyi wanafunzi mnaotunga michezo ya tamasha za kuigiza, jaribuni kipimo changu kabla ya kupanda jukwaani. Ondoeni lafudhi katika mazoezi yenu ya kwanza. Mkiwa bado mnacheka wenyewe, irudisheni, kwani hapo mtakuwa mmeshapata mchezo.