FPL: Kabla Utume Ile Thao kwa Admini, Uliza Pointi Zinahesabiwa Aje

Wasee wa FPL, hii ni yenu. Kuna ile group ya WhatsApp ambayo Agosti ilikuwa imejaa kelele za "mwaka huu ni wangu". Kila mtu ametuma thao, stika zinapepea, mambo fiti. Kufika Novemba watatu wamejitoa, mmoja anaitisha pesa yake, na admini amekuwa mteja. Ukichunguza, vita nyingi za hizi group hazihusu mpira hata kidogo. Zinahusu kitu kimoja ambacho hakuna mtu alisoma: pointi zinahesabiwa aje, na mshindi anachaguliwa na sheria gani.

Msimu huu wa 2025/26 hiyo mambo imekuwa kubwa zaidi kwa sababu wenye gemu wenyewe walichezea hesabu. Beki akifikisha vitendo 10 vya ulinzi kwa mechi moja anapata pointi 2. Vinavyohesabiwa ni kupokonya mpira, kukata pasi, kuziba shuti na kuondoa hatari. Kiungo na mshambuliaji wanahitaji 12, ila wao wanaongezewa na mipira iliyozagaa waliyookota. Ukifanya 25 bado unapewa 2. Ukifanya 9, kwaheri, hupati kitu.

Sasa cheki hii ilifanya nini. Chukua beki wa timu ambayo imenyoroshwa 3-0. Zamani alikuwa anapata 2 za kucheza dakika 60 na kuendelea, anakatwa 1 kwa kufungwa mabao mawili, unabaki na pointi 1 na mawazo. Lakini timu inayochapwa ndiyo inashinda kwa kuondoa mipira, si ndio? Jamaa amepiga vichwa 15 siku hiyo. Leo anakuletea 3. Erling Haaland, ambaye alianza msimu kwa bei ya milioni 14.0, akicheza dakika 90 bila bao wala asisti anakuletea 2. Soma hiyo tena.

Ndio maana mabeki wa kati kama James Tarkowski wa Everton, watu ambao kazi yao ni kulala mbele ya mpira, ghafla wana heshima mtaani. Kiungo kama Moisés Caicedo alikuwa mtu wa kusifiwa na makocha tu, kwa Fantasy hakuna alimtaka. Akipata hizo 2 kwa mechi 20, hiyo ni pointi 40, sawa na mabao 8 ya kiungo. Bila kufunga hata moja. Hakuna aliyejifunza kucheza vizuri zaidi usiku mmoja. Ni rula ilibadilishwa.

Kwangu mimi hiyo sheria iko sawa, kasoro hiyo ngazi ya 10. Tisa unapata sufuri, kumi unapata mbili, hakuna katikati. Ndio maana saa hii utapata msee kwa base anapigia kelele beki wa Brentford dakika ya 88 apige kichwa kimoja tu, kichwa kimoja, na hata hajui mechi ni ngapi ngapi. Wangeweka 1 kwa sita na 2 kwa kumi, presha zingeshuka kidogo.

Na usidhani hii ndiyo mara ya kwanza rula inaamua staa ni nani. Mo Salah msimu wa 2024/25 alimaliza na pointi 344, hakuna mchezaji amewahi kufika hapo. Alifunga mabao 29. Lakini kwa FPL Salah alikuwa ameandikwa kiungo, na bao la kiungo ni pointi 5. Mshambuliaji anapata 4. Wangemwandika mshambuliaji, pointi 29 zinatoka hapo hapo, na ile pointi 1 ambayo kiungo anapata timu isipofungwa inaenda pia. Bado angekuwa moto, lakini si moto wa 344. Mtu yule yule, mabao yale yale.

Waamerika walijua hii kitambo, na kwa mchezo ambao wengi wetu hatuuelewi: besiboli. Mwaka wa 1980 mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake waliokuwa wanakutana kwa mkahawa mmoja wa Kifaransa New York, La Rotisserie Française, walianza ligi ya kuchagua wachezaji halisi na kushindana kwa takwimu zao. Walichagua vipimo vinane tu, vinne vya wapigaji na vinne vya warushaji. Hawakuhesabu pointi kama sisi. Kila kipimo kina jedwali lake: mkiwa timu kumi, wa kwanza anapata 10, wa mwisho 1, kisha mnajumlisha.

Kimoja cha vipimo hivyo kilikuwa kuiba kituo, yaani mkimbiaji anachomoka wakati mrushaji bado anarusha. Kwa hivyo mtu mwenye mbio, hata kama hapigi mpira mbali, akawa mali. Hadi leo ligi za huko zinabishana kuhusu wastani wa kupiga. Kipimo hicho hakihesabu mpigaji anapopewa kituo cha kwanza bure kwa sababu mrushaji amerusha vibaya mara nne. Juan Soto mwaka wa 2024 alipewa hizo za bure mara 129. Ligi yenu ikihesabu wastani wa kupiga, alikuwa na .288, mzuri tu. Ikihesabu ni mara ngapi anafika kituoni, alikuwa na .419, na hapo ni mnyama. Ndio maana wao wanakaa chini kubishana kabla hata mchezaji mmoja hajachaguliwa.

Sisi tunatuma thao kwanza, tunabishana Machi.

Najua utasema FPL haikuruhusu kubadilisha pointi za bao. Kweli. Lakini group yenu bado inachagua mengi, na kila chaguo lina mtu wake linambeba. Ligi ya kawaida inajumlisha pointi za msimu wote, kwa hivyo inampenda yule msee mpole anayepanga mapema na hajawahi kukosa deadlaini. Ligi ya ana kwa ana inakupa 3 ukimpiga jirani na 1 mkitoka sare. Ni tamu, stori hazikosi, lakini unaweza kupata 80 ukutane na mtu mwenye 81, huku wa jedwali la chini ameshinda na 34. Kama pesa yote iko hapo, mmecheza bahati nasibu na mkaiita mpira.

Halafu kuna zawadi ya wiki. Mko 20, kila mtu anatoa hamsini kila wiki, mshindi anabeba thao moja. Kwa wiki 38 hiyo ni elfu 38 imezunguka kwa group. Si pesa ya peremende. Sasa uliza swali ambalo huvunja urafiki: pointi za wiki ni kabla au baada ya kukatwa zile 4 za kila uhamisho wa ziada? Brayo amepata 78 lakini alinunua wachezaji wawili wa ziada, kwa hivyo ni 70. Shiko amepata 72 bila kukatwa chochote. Nani anakula? Mkiacha bila kusema, kila mmoja ataleta skrinshoti yake na wote watakuwa na ukweli. Mimi ningesema baada ya kukatwa, bila huruma. Ukihesabu kabla, unamwambia kila mtu ahamishe wachezaji watano kila wiki kutafuta hiyo thao.

Ningegawa hivi: pesa kubwa kwa jumla ya msimu, nafasi tatu za kwanza, na kidogo kwa mshindi wa mwezi, ili yule wa nafasi ya 17 awe na sababu ya kufungua programu Februari. Ya wiki ningeiacha kabisa. Inakula pesa, inaleta kelele, na nusu ya washindi ni watu wametumia kadi ya kapteni mara tatu wiki hiyo. Na kadi msimu huu ni seti mbili, moja kila nusu ya msimu, kwa hivyo wiki za aina hiyo zimeongezeka.

Kitu cha mwisho ni sare. FPL yenyewe, mkifungana kwa ligi ya kawaida, inamweka juu aliyefanya uhamisho mchache. Mkikubali hiyo, andikeni. Mkitaka kugawana nusu kwa nusu, andikeni pia, kisha admini abandike juu ya group pamoja na jina la mtu wa pili anayeona hiyo M-Pesa.