Feni Kuukuu, Kabla ya Kutiwa Plagi



Katika nyumba nyingi za miji yetu ya kale, ukifungua ghala ya chini ya ngazi hukosi kukuta kitu kizito cha chuma cheusi kilichofunikwa gunia. Ni feni ya mezani ya zama za babu. Mapanga yake ya shaba yameingia ukijani, kikapu chake cha waya kimeliwa na kutu, na waya wake wa umeme unapukutika ukiugusa tu. Hakuna aitumiaye, wala hakuna athubutuye kuitupa.

Tumeona tuizungumzie wiki hii kwa sababu ya barua ya dada mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Baba yao amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na katika kutoa vyombo vyake wameipata feni ya namna hiyo. Kaka yake anataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ipimwe kwa kilo kama vyuma vingine. Yeye dada anataka itengenezwe, awekewe mama yao ambaye yumo edani na joto la kaskazi linamsumbua. Mdogo wao wa kiume, kijana wa shule, amekwisha nunua kopo la rangi nyeusi na plagi mpya, na anasema kufikia Ijumaa itakuwa inazunguka. Dada anatuuliza: nani ana haki?

Tuanze na haki, kwa kuwa ndilo neno alilolitumia. Feni ile haijawa ya kaka wala ya dada. Ni sehemu ya tarika, na kila mrithi ana fungu lake ndani yake, ikiwa ni pamoja na mama mwenyewe ambaye, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumuni. Kitu kuwa kidogo hakukitoi katika mirathi. Njia nyepesi ni kumwonyesha mtu ajuaye vitu vya kale, apate kutaja bei ya haki, kisha anayeitaka aichukue katika fungu lake, au wenziwe wamsamehe kwa radhi zao. Lakini kusamehe ni kwa aliyebaleghe. Ikiwa kuna mrithi mdogo, fungu lake halitolewi zawadi na mtu mwingine, hata na mama yake. Hapo wamwendee kadhi au sheikh wao awaelekeze. Na bei ya kilo si bei ya feni kama hii: yenye mapanga ya shaba ya manjano na kitako cha chuma cha kusubu huwa na watu wanaoitafuta, na anayeiuza kama chuma chakavu huwapunja nduguze bila ya kujua.

Ziko pia feni za aina hii katika misikiti na madrasa zetu, nazo mambo yake ni mengine. Kilichowekwa wakfu hakigeuki mali ya fundi aliyejitolea kukitengeneza, hata akitumia fedha zake.

Vitu hivi vina historia ndefu kwetu. Feni ya mezani ya umeme ilibuniwa Marekani mwaka 1882 na Schuyler Wheeler, ikiwa na mapanga mawili tu na bila ya kikapu cha kuzuia vidole. Mombasa ilipata kampuni yake ya umeme mwaka 1908, baada ya mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee kununua jenereta iliyowahi kumulika kasri ya Sayyid Barghash huko Zanzibar. Kabla ya hapo wenye uwezo walikuwa na panka, kitambaa kikubwa kilichotundikwa darini na kuvutwa kwa kamba na mtumishi. Ndiko lilikotoka neno letu pangaboi. Sisi wengine tulikuwa na kipepeo cha ukili, nacho, alhamdulillah, hakijapata kukatika kwa sababu ya stima kupotea.

Sasa tuje kwa yule kijana na kopo lake la rangi. Nia yake ni njema. Bibi Aisha, Allah amridhie, alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alitaja kuwa alishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Kutengeneza cha kale si jambo la kuonewa haya. Lakini rangi ni kazi ya mwisho, na plagi ni ya mwisho kuliko rangi. Feni iliyokaa miaka arubaini ghalani isitiwe katika umeme hata kwa dakika moja ya kujaribu. Mpira na kitambaa vilivyofunika nyaya zake vimeshakauka na kupasuka, na mwili wake wote ni chuma. Waya ulio wazi ukigusa kitako, basi kila atakayeigusa feni ameugusa umeme, na umeme wetu ni wa volti 240. Mama aliyetoka kutawadha, mikono ingali na maji, anyooshe mkono kuigeuza upande wake: hilo ndilo linalotutia hofu kuliko kutu.

Jambo la kwanza, basi, ni kusoma kibao kidogo kilichopigiliwa mgongoni mwa mota au chini ya kitako. Kikiandikwa volti 110 au 120, feni hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nchi kama Marekani, na ikitiwa katika umeme wetu bila ya transfoma itaungua. Kikiandikwa DC, hiyo ni ya mkondo mwingine kabisa na haifai kuchomekwa ukutani. Kikiandikwa volti 220 hadi 240 na AC, hapo kuna matumaini.

Kuifungua kunataka subira. Kutu ya pwani si kama kutu ya bara. Upepo wa bahari huacha chumvi juu ya chuma, na chumvi huvuta unyevu hata siku kavu, kwa hivyo skrubu hushikana kana kwamba zimechomelewa. Zitiwe mafuta mepesi ya kulegeza kutu, ziachwe usiku kucha, zitiwe tena asubuhi, ndipo bisibisi inayolingana nazo sawasawa itumiwe. Anayelazimisha hukata kichwa cha skrubu, na skrubu za zamani hizo mara nyingi hazilingani na za dukani leo. Kila hatua ipigwe picha kwa simu. Mapanga yatolewe kwa kulegeza skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kitovu chake, na yasipindwe hata kidogo. Panga moja likipotoka, feni nzima hutikisika, na ikiwa kasi hutembea juu ya meza.

Kusafisha shaba tunawaachia akina mama, maana hapo hatuna la kuwafunza. Ukwaju au ndimu na chumvi kidogo, kwa kitambaa laini, ukijani wote huondoka. Tunaongeza mawili tu. Shaba ya manjano isilowekwe katika siki au ndimu kwa saa nyingi, kwa kuwa tindikali huacha wekundu juu yake usiopendeza. Isuguliwe, ioshwe kwa maji matamu, ikaushwe papo hapo. Tena maji na ndimu ni kwa mapanga na vipande vilivyokwisha tolewa. Visikaribie mota.

Kikapu na kitako ni kazi ya siki au brashi ya waya, na hapa tunaomba usikivu wa wenye watoto. Rangi za zamani nyingi zilitiwa risasi. Ukiikwangua kwa msasa mkavu, vumbi lake huruka, hutua juu ya mkeka na vyombo, na mtoto hulitia kinywani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hudhuru mimba. Kazi hiyo ifanywe nje, msasa ukiwa umeloweshwa maji, mfanyaji amefunika pua na mdomo kwa kinyago cha kuzuia vumbi, watoto na mja mzito wasiwepo. Takataka zake zikusanywe juu ya karatasi, zifungwe na kutupwa, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kama rangi ya zamani ingali imeshika vizuri, sisi tungeiacha ilivyo na kuifuta tu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Weusi ule wa kale una haiba ambayo kopo jipya haliwezi kuuleta.

Mota ni ya fundi wa stima, si ya kijana wa shule, na si kila fundi. Atafutwe anayekubali kuifungua na kuipima kwa mita, si yule atakayeibandika nyaya mbili na kuuliza kama inazunguka. Kazi yake ni hii: aondoe waya wote wa zamani, atie waya mpya wa nyuzi tatu, ule wa kijani na manjano aufunge kwa nguvu kwenye mwili wa chuma, na plagi iwe ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3, si ya 13 inayokuja nayo kutoka dukani. Apime kama koili zimekatika, na kama zinavujisha umeme kwenye chuma. Koili zikiwa zimeungua zinaweza kusukwa upya, lakini gharama yake huenda ikapita ya feni mpya, na hapo familia iamue kama wanataka upepo au kumbukumbu. Hakuna aibu kuiweka rafuni ikawa pambo, bila ya waya.

Mahali shafti inapozungukia huwa na bushi za shaba zilizozoea mafuta. Mafuta ya zamani huganda yakawa kama gundi. Yaondolewe, kisha yatiwe mafuta ya cherehani, matone machache. Yasitiwe mafuta ya nazi wala ya kupikia, maana hayo nayo huganda. Ukiyazungusha mapanga kwa kidole yanapaswa kuendelea yenyewe mizunguko kadhaa na kusimama taratibu. Yakisimama ghafla, kazi haijesha.

Fundi mzoefu, siku ya kuijaribu, huiunganisha kwanza kupitia balbu ya kizamani yenye uzi, ili kama kuna shoti balbu iwake na mota isalimike. Kisha iachwe izunguke saa nzima, watu wakiwapo. Kupata uvuguvugu ni kawaida. Harufu ya kuungua, mngurumo bila ya kuzunguka, au mwasho mdogo vidoleni unapogusa chuma, chochote katika hivyo ni cha kuichomoa mara moja na kumwita fundi tena.

Ikipita hapo, dada, mtilie mama. Lakini iwekwe juu, mahali wajukuu hawafiki. Nafasi za kikapu chake ni pana kiasi cha kupitisha kiganja cha mtoto, na mapanga yale ni shaba tupu. Isiachwe ikizunguka usiku watu wamelala, na ichomolewe ukutani mnapotoka. Miaka hii Ramadhani inaangukia joto la kaskazi, na najua wengi mtataka iwepo wakati wa tarawehe za nyumbani. Itiwe mafuta kabla ya mwezi kuandama, na ifutwe chumvi kwa kitambaa kikavu kila wiki. Kusi likiingia na baridi ikija, ivishwe mfuko wa kitambaa badala ya nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani, na irudi ghalani ikiwa imeinuliwa juu ya ubao, isikae sakafuni.