Kura Si Mali ya Wenye Vyeti



Limezuka tena katika mazungumzo ya wenzetu neno ambalo tulidhani limekwisha zikwa, ya kwamba haki ya kupiga kura wapewe watu waliosoma tu, maana asiyejua kusoma hajui alichaguacho. Wanaolisema si wageni. Ni makarani kama sisi, watu waungwana, na wengine ni wakubwa wetu kazini. Hata hivyo hatuwezi kunyamaza, kwa kuwa neno lenyewe ni baya, na ubaya wake umekwisha onekana katika nchi hii hii.

Katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, uliofanywa mwaka 1958 na 1959, mtu hakuandikwa kuwa mpiga kura ila awe ametimiza miaka 21, tena awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, ama masomo ya darasa la nane, ama kazi ya cheo iliyotajwa katika sheria. Paundi 150 ni shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kila mwezi. Ni mkulima gani wa mihogo aliyezishika? Hata tarishi wa boma hakuzipata. Walioandikwa hawakufika 60,000, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 8. Tena kila mmoja alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Huko Kenya mwaka 1957 mambo yalizidi kuwa ya ajabu: Mwafrika mmoja aliweza kuwa na kura hata tatu kwa kadiri ya masomo na mali yake, na jirani yake asiwe na hata moja. Unguja mwaka huo huo mwanamke hakupiga kura kabisa, hata awe mwalimu.

Twajua sheria ile ya Tanganyika ilimfaa nani. Ilitufaa sisi watu wa kalamu. Cheti cha darasa la nane kilimpa karani kura, na baba yake aliyeuza ng'ombe ili amlipie ada akaachwa nje. Na zawadi hiyo ilikuwa na ndoana ndani yake, kwani tangu mwaka 1953 watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na siasa. Hivyo aliyekuwa na kura hakuwa na chama, na aliyekuwa na chama mara nyingi hakuwa na kura. Wanaotaka kuirudisha heshima ile na waitazame vizuri kwanza.

Wenzetu hunena, msomi huona mbali. Huenda. Lakini kura humwuliza mtu habari za maisha yake: kisima kina maji? Zahanati ina dawa? Mzani wa chama cha ushirika wapima sawasawa? Katika maswali haya karani wa mjini ndiye mjinga, na bibi kizee wa Ukerewe ndiye mwalimu wake.

Ushahidi upo. Mwaka 1965 wagombea walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili hata asiyejua herufi achague. Watu wale, ambao wengi wao hawakupata kushika kalamu, walimwangusha Bwana Paul Bomani, naye alikuwa Waziri wa Fedha! Na Morogoro, penye wapiga kura Waafrika walio wengi mno, walimpa ushindi Bwana Amir Jamal mwenye asili ya Kihindi. Je, hao ni watu wasiojua wachaguacho?

Husemwa pia kwamba asiyesoma hununuliwa kwa chumvi na kanga. Na mnunuzi ni nani? Hatujapata kusikia mnunuzi wa kura asiyejua kuhesabu fedha.

Hatusemi kura ipewe kila apitaye njiani. Mgeni ana kwao, na mtoto ana wakati wake. Katiba ya mwaka 1977 yampa haki hiyo kila raia aliyetimiza miaka 18, na kumtaka mbunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Mgawanyo huo una akili: asomaye miswada ya sheria lazima awe msomaji, lakini amtumaye si lazima, maana yeye ndiye atakayeishi chini ya sheria hizo na kulipa gharama zake.

Basi twaomba hoja ya kura za wenye vyeti, ikiletwa katika mkutano wa wanachama, ikataliwe. Na wale kati yetu wapewao kazi ya kuandikisha wapiga kura wasingoje mezani wazee watembee maili kumi kuwafuata. Waende vijijini na daftari, wafike kabla ya watu kwenda shamba, wala wasimcheke mtu atiaye kidole gumba mahali pa sahihi.