Mmaasai si kichekesho cha getini

Kuna kichekesho kimoja ambacho Wakenya hatukichoki. Jamaa anajifunga shuka jekundu, anashika rungu, anapinda ulimi kwa makusudi, kisha anashangaa lifti. Watu wanavunjika mbavu. Siku hizi kimehama jukwaani kikaingia TikTok, lakini Mmaasai ni yule yule: soja mshamba asiyeelewa kitu.

Hapa Mwihoko tunawajua. Wanalinda ploti zetu usiku, wanasuka nywele, wanauza akala na dawa za miti. Wengi wana Kimaasai, Kiswahili na Kikuyu cha kutosha kupatana bei. Sisi tuliosoma Kiswahili shuleni miaka yote hiyo na bado ngeli zinatushinda, ndio tunamcheka lafudhi!

Swali ambalo skiti haziulizi ni hili: kwa nini yuko getini, mbali na kwao?

Mwaka 1904 Waingereza waliwatoa Wamaasai Bonde la Ufa ili walowezi wapate malisho. Wengine wakapelekwa Laikipia, kwa ahadi kwamba itakuwa yao maadamu wapo duniani. Mwaka 1911, mkataba mwingine: tokeni Laikipia, nendeni kusini. Huyo "asiyeelewa kitu" alielewa vizuri sana, maana mwaka 1913 Wamaasai waliishtaki serikali ya kikoloni. Korti ikajiondoa, ikidai mikataba ile ni ya mataifa mawili na haiwezi kuiamua. Na 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, walipoandamana wakidai ardhi ya Laikipia, serikali yetu wenyewe ikawajibu kwa polisi.

Ndiyo maana nasema kicheko hiki kina kazi. Mtu ukishamchora kuwa wa zamani, madai yake pia yanaonekana ya zamani. Picha yake inaruhusiwa kila mahali. Ngao iko kwenye bendera, mrukaji yuko kwenye matangazo ya utalii, na shuka lilifika hadi kwa Louis Vuitton mwaka 2012. Akitaja ardhi, ghafla anaonekana msumbufu.

Sisi watu wa Kiambu tungekuwa wa kwanza kukataa mchezo huu. Kwenye mashamba ya walowezi hapa Ruiru na Thika, babu zetu waliitwa "boi" hata wakiwa na wajukuu. Nao walichorwa kama watoto wakubwa, na mchoro huo ulisaidia kuhalalisha kunyang'anywa mashamba.

Sisemi Mmaasai asitaniwe. Wakenya tunataniana, na wao wanatutania vibaya sana. Lakini wachekeshaji, mpeni huyo mhusika jina, akili na nafasi ya kushinda mzaha mara moja moja. Nasi wengine tuache kusambaza klipu ambayo utani wake wote ni lafudhi.

Na mkikosa kabisa wa kumcheka pale getini, mwenye ploti yupo.