Mafuta Mingi

Mwezi huu tunaanzia mbali, India. Zamani huko mshairi Bhartrihari alitunga kwa Kisanskriti mashairi juu ya mwenendo wa watu, na katika moja anaicheka dunia: mtu akishapata mali, basi watu wanamwona ana ukoo bora, ni msomi, anajua kuongea, hata sura inakuwa nzuri!

Jambo hilo liliwapata Wahindi wenyewe hapa Uganda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke. Maduka ya Jinja na Mbale yakafungwa. Waliokuwa matajiri wakajikuta Uingereza, wengine katika kambi za zamani za jeshi kama Stradishall, wanapanga foleni ya chakula. Baraza la mji wa Leicester lilikuwa limetangaza katika gazeti la Uganda Argus kwamba wasiende kwao. Ninyi hapo hamhitaji maelezo.

Na waliogawiwa yale maduka? Watu wakawaita mafuta mingi (ndiyo, Kiswahili chetu cha Uganda hicho). Inasimuliwa kwamba kuna aliyesoma namba ya kola ya shati akadhani ndiyo bei. Watu wanacheka sana, mimi sicheki. Kutojua bei si tabia mbaya, mtu hufundishwa. Ubaya ulikuwa kuuza mpaka rafu zikabaki tupu, hela ikaliwa yote, hakuna kilichonunuliwa tena. Na bado walisalimiwa kwa heshima ile ile aliyopewa Mhindi jana yake. Kumbe heshima ilikuwa ya duka.

Sisemi Wahindi wote walikuwa malaika, hapana. Wafanyakazi wa wakati ule wana yao ya kusema. Lakini akina Madhvani waliporudi mwaka 1985 kukifufua kiwanda chao cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, walikuwa na kitu ambacho askari hakuweza kukitaifisha: kuijua kazi, na watu waliokuwa tayari kuwaamini tena.

Sasa tuje kwetu. Kwenye mkutano wa bomba la maji, anayetumiwa pesa na ndugu yake wa Kanada anapewa kiti, na kila akisema tunaitikia. Mama anayekumbuka zamu ya kila nyumba, ambaye hajawahi kuruka foleni hata siku moja, anasimama nyuma, ati hana kitu. Hata posa ni hivyo hivyo jamani. Kijana akija kuchumbia tunauliza kwanza ana nini. Ni wachache wanaouliza anaongeaje na mama yake, au akikopa debe la mahindi analirudisha lini. Binti ndiye atakayeishi na majibu ya maswali hayo, pesa ya Kanada ikikatika.

Mkutano ujao wa maji, namwomba mwenyekiti aanze na yule mama wa nyuma.