Kishikio cha Ngazi Kikicheza, Anzia Chini

Likizo za shule zinapowadia, familia nyingi za Nakuru na Naivasha hufunga mizigo kwenda mashambani. Wapo wanaoelekea Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha. Ikiwa nyumba ya nyanya huko ni ya mbao na imeinuliwa kutoka ardhini, utaingia kwa kupanda ngazi kadhaa za nje. Pembeni pana kishikio, na aghalabu kishikio hicho kinacheza.

Wenyeji wamekizoea, hawakiegemei. Mgeni hajui. Mtoto wa miaka mitatu atakining'inia, na nyanya naye akiteleza alfajiri ngazi zikiwa na umande, mkono wake utakwenda papo hapo.

Dawa ya wengi ni msumari. Kikilegea, wa pili. Kikilegea tena, wa tatu, hadi mbao ipasuke. Lakini msumari hushikiliwa na mbao inayoubana. Mbao za saiprasi mara nyingi hununuliwa zikiwa mbichi. Zikikauka juani husinyaa, na msumari hubaki ukipwaya.

Weka nyundo chini kwanza. Tikisa kishikio polepole huku mwenzako akichunguza panaposogea. Ikiwa ni pale mbao ya juu inapokutana na nguzo, ng'oa misumari, toboa kwa drili hadi upande wa pili, tia bolti yenye washa pande zote mbili, kisha kaza nati kwa spana. Mbao ikisinyaa tena, utakaza tu.

Ikiwa nguzo yenyewe inayumba kuanzia chini, kuna kazi. Dunga kitako chake kwa bisibisi, hasa pale inapoingia ardhini. Bisibisi ikizama, mbao imeoza na haifai tena. Nguzo kuukuu ya ua, iliyo ya mtarakwa, ni bora kuliko saiprasi mpya, kwa kuwa mtarakwa huchelewa kuoza na mchwa hawaupendi.

Lakini nguzo nzima pia hulegea, kwa sababu ya udongo. Sehemu hizo za Bonde la Ufa zina majivu mengi ya volkano, udongo mwepesi unaochukuliwa na maji upesi. Wanaokumbuka ufa uliokata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, wanaelewa. Basi chimba shimo la sentimita 60, tandaza kokoto chini, simamisha nguzo ukiipima kwa uzi uliofungwa jiwe, na ujaze saruji sehemu 1, mchanga 2 na kokoto 4, ukishindilia. Juu pawe na mteremko ili maji yaikimbie nguzo.

Ukiwa hapo, pima nafasi baina ya mbao za wima. Kanuni za ujenzi za Uingereza hazikubali mpira wa sentimita 10 upite, kwa ajili ya watoto wadogo. Ni kipimo kizuri hata Ndabibi.

Kwa wapangaji wa ghorofa mjini, vyuma vilivyolegea ni kazi ya mwenye nyumba na fundi wa kuchomelea. Mjulishe kwa barua na ubaki na nakala.

Saruji imwagiliwe maji kwa siku saba, na asiegemee mtu. Funga kamba yenye kitambaa chekundu, na watoto wapitie mlango wa jikoni.