Draya Haipati Moto? Toka Nje Kwanza

Nitasema hivi na mtu akasirike akitaka: fundi akikuondolea fyuzi ya joto kwa draya ya gesi na kuweka kipande cha waya ndio moto urudi, hajatengeneza kitu. Amekuachia hatari ndani ya nyumba na bado umemlipa.

Naongea kwa sababu hii kazi nimeifanya. Baada ya fomu foo nilikaa karibu mwaka kwa duka la kufua nguo huku Kasarani. Mashine tatu za kufua, draya mbili za gesi za saizi ya nyumbani, mtumba kutoka Marekani. Ukitaka kujua hii biashara ni nini, ingia Julai. Jua hakuna, kamba za ploti zimejaa, na kila mtu anataka duveti na sweta za shule zikiwa kavu kufikia jioni. Draya ikigoma siku kama hiyo hakuna mtu ana muda wa kufikiria. Ni "pigia fundi" tu.

Ya kwetu ilianza mos mos. Ngoma inazunguka fiti, lakini taulo zinatoka na uvuguvugu, bado nzito. Unarudisha dakika arobaini, tena arobaini. Halafu siku moja joto likaisha kabisa. Fundi akaja, akafungua nyuma, akapima na mita, akasema fyuzi ya joto imeungua. Ni kweli, ilikuwa imeungua. Akaweka nyingine. Wiki mbili, imeungua tena. Mara ya tatu hakuja na fyuzi, alikuja na waya.

"Fundi, si hiyo ndio huzuia mashine isishike moto?"

"Kijana, unataka nguo zikauke ama unataka maswali?"

Mathe mwenye duka alikuwa na wateja wanne kaunta. Hakusema kitu. Na mashine ikapata moto, manze, hapo ndio shida ilipo. Kila mtu akafurahi.

Sasa skiza vile hii kitu hufanya kazi, kwa sababu wengi hudhani ni jiko limefichwa ndani ya kabati. Moto peke yake haukaushi nguo. Kuna feni inavuta hewa ipite kwa moto, iingie kwa nguo, ichukue unyevu, halafu iusukume nje kwa bomba. Bomba likiziba, unyevu hauna pa kwenda na joto linabaki ndani. Themostati inaona joto limezidi, inazima moto. Ikipoa, moto unarudi. Wewe unaona "haipashi vizuri", kumbe inapasha sana mahali pabaya. Ikiendelea hivyo, fyuzi inakata. Ile ni ya kukata mara moja tu, hairudi. Kubadilisha fyuzi tatu bila kuuliza kwa nini zinaungua ni sawa na kumeza dawa za maumivu na jino limeoza.

Ndio maana nasema toka nje. Washa draya, nenda pale bomba linatokea ukutani, weka mkono. Hewa inafaa itoke kwa nguvu. Mimi nilipoweka mkono, nilihisi kama mtoto ananipulizia. Nikazima mashine, nikachomoa plagi, nikafunga gesi, nikaivuta mbele. Bomba lilikuwa limekunjwa nyuma kama soksi, na mwisho wake mtu alikuwa ameweka waya wa mbu. Yale manyoya ya nguo yalikuwa yameshikana hapo hadi kukawa na kitu kama blanketi. Na manyoya hayo hushika moto haraka kuliko karatasi. Karibu na kichomeo cha gesi. Na fyuzi imeondolewa. Fikiria hiyo hesabu.

Kama hewa iko sawa na bado hakuna joto, sasa angalia moto wenyewe. Draya nyingi za aina hii zina kidirisha kidogo chini, na usipokiona fundi atafungua kifuniko. Kiwashio kinafaa kiwake rangi ya machungwa, halafu baada ya muda mfupi vali ifunguke na moto ushike. Kisipowaka kabisa, kiwashio kimekufa au stima haikifikii. Fyuzi ni mojawapo ya sababu. Kikiwaka, kizime na moto usishike, shida ni gesi haifiki au koili za vali zimechoka. Koili ndizo wakora wakubwa: asubuhi mashine ikiwa baridi zinafanya kazi, mzigo wa pili zikishapata joto zinakataa. Ukimwambia fundi umeona nini kati ya hizo, hawezi kukuuzia kiwashio wakati shida ni koili.

Na mtungi, wasee. Julai asubuhi nilikuwa napata mtungi wa kilo 13 umefanya barafu nje. Gesi ndani ni maji, na ili igeuke kuwa hewa inahitaji joto kutoka kwa mtungi. Draya mbili zikivuta pamoja, mtungi umekaribia kuisha na nje kuna baridi, presha inashuka na moto unakuwa mdogo. Usiumwagie maji moto na usiusogeze karibu na jiko. Washa draya moja, ama uliza muuzaji kuhusu mitungi mikubwa na regyuleta inayotosha.

Ukinunua draya ya mtumba ya Marekani, uliza kama imebadilishwa nozeli. Nyingi kule hutumia gesi ya bomba ya mtaa, ambayo ni tofauti na hii yetu ya mtungi. Ukiunganisha bila kubadilisha, moto unakuwa mkubwa kupita kiasi, wa njano, na masizi. Hiyo si ya kujaribu na spana ya jirani, ni ya fundi wa gesi. Ukisikia harufu usibonyeze swichi yoyote. Funga mtungi kama unaufikia, fungua mlango, toka. Gesi hii hukaa chini sakafuni, haipandi.

Tulisafisha bomba, tukalinyoosha, tukang'oa ule waya wa mbu. Taulo zikakauka kwa mzunguko mmoja. Nikamwambia Mathe sasa tununue fyuzi turudishe mahali pake. Akaniuliza, "Si inafanya kazi?"

Sikubishana. Nilimpeleka nyuma ya draya nikamwonyesha kigodoro. Kijana wetu wa zamu ya usiku hulala pale, mlango umefungwa kwa sababu ya wezi, mashine ikimalizia mizigo ya asubuhi. Nikamwambia bomba likiziba tena, moshi wa kichomeo utarudi ndani, na kaboni monoksaidi haina harufu. Hataamka kukuambia.

Mathe aliangalia kile kigodoro kwa muda. Akachomoa plagi ya draya mwenyewe. Fyuzi ilifika kesho yake, na kijana akahamishiwa chumba cha mbele, kwa kaunta.